Mtungi wa Tak Ok-bun Hauguswi

Mwaka umepinduka, mama, tangu uweke kijiko chini ukasema umechoka, nasi tukadhani ni uchovu wa siku moja.

Machozi tumeyamaliza. Leo tumekuja na hasira.

Kila ulipopika, ulichota kijiko kimoja cha mchele kabla ya kuuosha, ukakitia kwenye chungu kidogo kando ya jiko. Hata mwaka wa ukame. Tukinung'unika, ulisema tumbo halijui kijiko kimoja. Mwaka 1972 uliwavuta wanawake wa kijiji chetu cha Sangok wafanye hivyo hivyo, mkaanzisha chama, na kila mwezi mkamimina vyote katika mtungi mkubwa wa chama. Mchele ule ndio uliojenga majiko yenye dohani, macho yenu yakapona moshi. Ndio uliowalisha vikongwe wasio na watu, na watoto msimu wa kupandikiza mpunga, mama zao wakiwa matopeni.

Pyo Gil-man, binamu wa baba na mwenyekiti wa kijiji, aliupiga mtungi ule teke mbele ya wote. Tetea akiwika, alisema, nyumba huanguka.

"Tetea akilia ametaga, shemeji," ulimjibu, huku ukiokota mchele punje kwa punje. "Jogoo akiwika, ametaga nini?"

Kijiji kilicheka wiki nzima. Yeye hakusahau.

Vuli hii amesimamisha jiwe mbele ya ukumbi, la miaka hamsini ya chama. Limechongwa: Mwasisi, Pyo Gil-man. Chini, kwa herufi za sisimizi: akisaidiwa na wake wa kijiji. Tulikwenda kumuuliza jina lako liko wapi. Alikuwa anakula tunda, wala hakuacha kutafuna.

"Jina gani? Sote tulimwita Mke wa Cheongha. Nani alijua ana jina?"

Hapo alitushika. Mliitwa kwa vijiji mlikozaliwa, kama wewe kwa Cheongha, au kwa wana wenu, hadi kaburini. Hata sisi uliotuzaa, jina lako tulilisoma mara ya kwanza kwenye karatasi za hospitali. Aibu hiyo ni yetu, tunaibeba. Uongo wa jiwe hatuubebi.

Jana waanzilishi wenzako watatu waliobaki waliusukuma mtungi wa chama kwa mkokoteni, wakautua mbele ya jiwe. Mtungi umelifunika jina lote la Pyo. Tumboni mwa mtungi tumeandika kwa rangi nyeupe: TAK OK-BUN.

Pyo akaamuru uondolewe. Wakamkumbusha sheria uliyoitunga siku ya lile teke: mtungi hauguswi na asiye mwanzilishi mpaka waanzilishi wote wawepo.

"Subiri tu, mwenyekiti," Mama Chun-bae, mmoja wao, alimwambia, akaketi juu ya mkokoteni. "Mmoja hajafika."

Tunaokukumbuka ni wanao Dal-su, Mal-ja na Gwi-ok, wakwe na wajukuu zako. Na wenzako, leo kwa majina yao wenyewe: Bang Kkeut-sun, Ma Bok-dan, na Seok Jeom-rye tuliyezoea kumwita Mama Chun-bae.

Hatukusahau kamwe, Tak Ok-bun. Na mtungi uko palepale.