Nyama ya Harusi ya Adela

Mollo, 9 Agosti 1954

Mwanangu Epifania,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, nikafurahi kusikia kuwa wewe na wanafunzi wako hamjambo hapo Milepa. Mimi bado napumua. Kifua kimenibana tangu kipupwe kianze, na mistari hii michache naiandika kwa siku mbili.

Umeniuliza jinsi ya kuwafundisha watoto wadogo amri ya sita, usizini. Ninyi niliwafundisha hivi: mume mmoja, mke mmoja, mwenye wake wawili akitaka ubatizo, abaki na yule wa kwanza.

Unakumbuka mwaka ambao baba yako Basil alitaka kubatizwa. Alikuwa na mama yako, na Adela dada yangu. Padre alikuwa mgeni, akaniuliza mimi, mwalimu wa dini, yupi aliolewa kwanza. Nikajibu kuwa ni Adela. Baba yako akaafiki. Mama yako akafunga mzigo, akarudi kwao Kasanga, ziwani.

Wiki ile ulisimama darasani ukasema mwalimu amekosea, maana wewe mwenyewe ulikula nyama kwenye harusi ya mama Adela. Wenzako wakacheka, wakauliza kama uliila ukiwa tumboni. Nikakupigisha magoti, ukakariri amri ya nane, usiseme uongo, mpaka sauti ikakauka. Pasaka mama yako alipokuja kukuchukua, ulijificha nyuma yangu, ukasema hutaki kulelewa na mzinzi. Neno hilo ulilitoa kwangu.

Mwanangu, hukusema uongo. Nyama ile niliikata mimi, na finyango la kwanza nilikutia mkononi. Mama yako ndiye wa kwanza. Padre aliponiuliza, Adela alikuwa mjamzito. Nilimhurumia dada yangu, nikaapa uongo.

Juzi nimemweleza padre yote. Ameandika, nami nimetia sahihi. Adela amelia sana, lakini hakunizuia.

Kuhusu amri ya sita, sina cha kukufundisha. Mama yako yu hai. Stefania muuza dagaa alimwona mwezi uliopita. Macho yamekufa, watu anawajua kwa sauti. Yako ya utu uzima haijui. Nenda, na ujitaje jina ukiwa bado njiani.

Msalimu mumeo na watoto. Adela naye anakusalimu. Msamaha sikuombi kwa karatasi.

Mwalimu wako,
Polikarp