Kwa Nini Sikubeba Jeneza la Baba

Gereza la Kaunti,
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hii? Makaa ya jiko yapo, au Denver bado anaahidi tu kuleta? Mwambie mdogo wangu huyo kwamba ahadi haipashi nyumba joto. Mimi ni mzima. Humu tunakula maharage yaliyopikwa na mtu anayeyachukia, na mkate wa mahindi mkavu. Ningekula wako hata ukiwa umeungua.

Dada Retha alikuja Jumapili. Alinieleza kwamba mazishi yalikwenda vizuri, kwamba zile nyimbo alizozitaka baba ziliimbwa zote, na wachimba mgodi wenzake walijaa mpaka nje ya kanisa. Akaniambia pia kwamba nafasi yangu kwenye jeneza aliishika binamu Orville, na ulipomwona pale ukaanza kulia upya. Mama, neno hilo limenikaa kifuani na sijui pa kulitua.

Kisha akanisimulia ulivyopiga simu mahakamani ukamwambia karani kwamba Jaji Maggard hakuzaliwa na mwanamke, na kwamba mlipokutana dukani ulimgeuzia mgongo. Ndiyo maana naandika. Simu ya humu kila mtu anaisikiliza, nami nisingefika mwisho wa haya ninayotaka kusema.

Unajua mahakama yetu ya waraibu ilivyo. Kila Jumatano tunasimama mmoja mmoja, jaji anatuuliza wiki ilikwendaje. Anayesema ukweli hupigiwa makofi, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba alikunywa. Anayedanganya, kipimo cha mkojo kikamsuta, analala ndani. Mzee Tackett, aliyeanza pombe kabla sijazaliwa, husema eti hii ndiyo mahakama pekee ambapo mwizi wa kuku hukiri akashangiliwa kama bibi harusi.

Jumatano ile kabla ya mazishi, jaji alipotangaza mbele ya watu kwamba naingia ndani mpaka wiki ijayo, hakuna aliyepiga makofi. Mzee Tackett alisimama akapaza sauti: “Hata msiba, mheshimiwa? Kweli kabisa? Huyu kijana kakosa nini?” Walimkalisha kwa nguvu. Jaji aliinamisha kichwa tu, akaita jina linalofuata.

Lakini kabla ya kikao alikuwa ameniita chumbani kwake. Alinipa pole, akanishika bega, akasema niende nyumbani nikamzike baba na kukaa na mama yangu. Ndiyo, mama. Ruhusa alinipa. Mimi ndiye niliyeikataa. Mimi ndiye niliyemwomba anifunge.

Kumbuka uliponipigia simu kuniambia baba ametutoka. Sikuuliza kama aliteseka. Nilikuuliza dawa zake za maumivu ziko wapi. Ukanijibu ziko kwenye kabati la jikoni, juu ya unga, muuguzi hajaja kuzichukua. Ulidhani naogopa wajukuu wasizifikie. Mama, nilikuwa na njaa nazo. Nilimlilia baba kwa jicho moja, la pili likitazama kabati. Nilijua ningezichukua kabla hajatiwa kaburini. Na mwili wangu sasa umezisahau. Kiasi nilichozoea zamani kingeniua siku hiyohiyo.

Hayo yote nilimweleza jaji. Akaniuliza kama nina hakika, maana mama yangu hatamsamehe. Nikamwambia afadhali usimsamehe kuliko uzike wawili. Nikamsihi asikwambie, kwa sababu niliona aibu. Akasema, “Basi anichukie mimi. Nimezoea.” Umemtukana naye amenyamaza, amenitunzia siri yangu. Mimi siwezi tena.

Natoka Ijumaa, na Denver atakuja kunichukua. Kabla ya hapo, Retha azipeleke dawa zote polisi, hata chupa tupu, hata kijiko ulichomnyweshea baba. Asinieleze alichokikuta wala kilikuwa kiasi gani. Nikifika, tafadhali usiniache jikoni peke yangu, hata ukienda mlangoni tu kumwitikia jirani. Usione haya kunifuata. Sitakasirika, na nikikasirika, nifuate hivyohivyo.

Wasalimie wote, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akushike mkono katika siku hizi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda, na ambaye bado hupaswi kumwamini,

Corbin