Shali ya Mshahara wa Kwanza

Doha, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Habari za siku nyingi? Goti limepoa? Mimi ni mzima. Adero, mwenzangu wa kazini, anarudi Eldoret likizo, nimempa shali yako. Nimeinunua hapa dukani ninapouza, kwa mshahara wangu wa kwanza. Usicheke wepesi wake. Ni sufu ya mbuzi wa milimani, ile laini ya chini kabisa. Huwachana kwa kitana, hawawanyoi. Usiifue kwa maji moto.

Mwanao, Nanzala

Langas, Eldoret, 20 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti linasumbua kidogo tu. Shali nimepata, nilidhani Adero amenipa mfuko mtupu. Jumapili nimeivaa kanisani, Mama Nduta akaishikashika mpaka mahubiri yakampita. Asante.

Mama yako

Doha, 2 Aprili

Mama,

Hamjambo huko? Mimi niko salama, ila nimeshtuka. Adero amenitumia picha ya soko la Burnt Forest. Kuna mwanamke anauza viazi, amejifunika shali yako. Ule ukingo wa zambarau niliuchagua mwenyewe. Uliibiwa? Kama uliiuza, sitakasirika, lakini sema.

Mwanao, Nanzala

Langas, 28 Mei

Nanzala,

Sijui nikusalimu vipi. Sikuibiwa wala sikuuza. Unajua kwetu mshahara wa kwanza ni wa aliyekuzaa, akubariki. Pale kanisani nilitaka kukubariki, nikaona si haki yangu.

Mimi sikukuzaa. Yule muuza viazi, Jemutai, ndiye aliyekuzaa. Alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na sita katika shule ya bweni nilikokuwa mpishi. Alikuweka mikononi mwangu ukiwa na siku nne. Baada ya Jumapili ile nilimtafuta wiki tatu, nikampelekea shali. Alilia, akakubariki.

Niliapa kukuambia ukimaliza shule, kisha nikasema ukipata kazi. Ni uoga tu.

Ni mimi, Maximilla

Langas, 15 Julai

Nanzala,

U mzima? Kila Ijumaa naenda posta. Niandikie hata matusi.

Maximilla

Doha, 9 Septemba

Mama,

Natumai u mzima. Mimi bado sijapona mshtuko, sitakudanganya. Miezi mitatu nakunja shali za watu nikiiwaza barua yako. Miaka ishirini na miwili ulinitazama usoni ukanyamaza. Nina hasira nawe, na haitaisha kesho.

Jemutai akae na shali. Baraka zake nimepokea.

Lakini hili la kumaliza barua kwa Maximilla, kama mtu anayejaza fomu, sijalielewa. Nani amekufuta kazi? Hizo barua mbili ziandike upya, na safari hii utie sahihi vizuri.

Mwanao, Nanzala