Siku ya Igoki Haiko Kwenye Redio

Jumamosi, 1 Oktoba 2022
Redio imesema leo ni Siku ya Wazee Duniani. Nimempelekea Mama habari pamoja na chai. Amesema wazee wa dunia wasalimiwe, yeye Igoki ni wa hapa Kianjai.

Ndugu yangu Muthamia amepiga kutoka Nairobi. Birthday ya Mama ya miaka tisini itakuwa 26 Desemba, watu wakiwa likizo. Ana kamati, ana hema, ana kikundi cha WhatsApp! Kitambulisho cha Mama kinasema 1 Januari — kama cha wanawake wote wa rika lake kanisani. Karani aliwauliza mwaka tu, siku akawagawia mwenyewe. Kanisa zima lina birthday moja.

Mama anaijua siku yake. Alizaliwa mvua ya kwanza ya kupanda iliponyesha, mama yake akiwa shambani na mbegu za maharagwe kikapuni. Kwa hiyo siku yake huhama. Mvua ikiwahi, anawahi. Ikichelewa, anangoja. Muthamia anasema hiyo si date.

Jumanne, 4 Oktoba
Siku kama ya leo, 1957, Warusi walirusha chombo angani. Mama ameuliza kama kilirudi. Nikasema kiliungua. Akasema basi, na akaomba chai nyingine.

Hakuna wingu.

Jumatano, 5 Oktoba
Siku ya Walimu Duniani. Sisi tulikuwa hospitali, Meru mjini. Daktari, kijana mpole, alinivuta kando. Moyo umechoka. Kama kuna jambo la familia, msilisogeze mbele sana.

Nimempa Muthamia maneno hayo jinsi yalivyo. Amesema madaktari hupenda kutisha watu. Tisheti zimeshachapishwa.

Jumapili, 9 Oktoba
Siku ya Posta Duniani. Nilifanya kazi posta mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina siku!

Kanisani tumeombea mvua. Mchungaji aliiomba kwa ajili ya mahindi. Mimi niliiomba kwa sababu nyingine. Mungu atajua kutenganisha.

Mama ametoa gauni lake la bluu, limetundikwa nyuma ya mlango. Anasema likikaa sandukuni mvua itamkuta hajavaa.

Jumamosi, 15 Oktoba
Siku ya Kunawa Mikono Duniani. Tangi limekauka. Ha!

Mama ameuliza ni nani wengine wamezaliwa leo. Nikamtajia wale wa redioni, wote wageni, wote maarufu. Akauliza kama walijiona wakizaliwa, ama waliambiwa. Waliambiwa, nikasema. Akasema hata yeye aliambiwa. Nikaenda kupukuchua mahindi.

Alhamisi, 20 Oktoba
Mashujaa Dei. Hotuba tangu asubuhi. Miguu ya Mama imevimba, na sasa analala ameketi. Uji ameugusa tu.

Muthamia: "Sista, wewe mtunze tu afike Disemba. Watu wameshaomba likizo kazini." Nikamwambia Mama si nyama ya kuweka friji. Nikakata simu. Nimekasirika, hata sasa mwandiko wangu unaonyesha.

Asubuhi nasimama kwanza mlangoni kwake nisikie pumzi. Ndipo nawasha redio.

Jumatatu, 24 Oktoba
Siku ya Umoja wa Mataifa. Zambia pia ilipata uhuru siku kama ya leo, 1964. Hapa jua tu. Kiogora, jirani, alipanda kwenye vumbi wiki iliyopita na sasa ndege wanafukua mbegu zake.

Ni yeye aliyekuja na wazo. "Kiende, huyu mama anangoja kusikia mvua, si ndio? Mimi niko na drum ya maji. Nipatie ngazi." Nikampa! Akapanda na pampu ya kupulizia dawa ya mimea, akaanza kunyunyiza mabati juu ya chumba cha Mama. Sauti ilikuwa nzuri sana. Mimi mwenyewe nilihisi baridi.

Mama alivuta hewa puani, polepole. Kisha: "Mwambie Kiogora ashuke, ataanguka. Hayo maji apatie ng'ombe." Udongo haukuwa umenukia.

Tulicheka wote. Halafu nikaingia jikoni nikalia, nikarudi na chai.

Ijumaa, 28 Oktoba
Redio sikuisikiliza. Amelala kutwa. Ameamka mara moja, akauliza upepo unatoka wapi.

Jumatatu, 31 Oktoba
Siku ya Kuweka Akiba Duniani. Nikaizima redio.

Tangu mchana wingu jeusi linashuka kutoka milima ya Nyambene. Mama aliusikia upepo kabla yangu, akaomba gauni la bluu. Nimemvisha. Viatu vimekataa, atatoka bila. Anataka kufika ukingoni mwa shamba. Daktari alikataza baridi.

Nimempigia Muthamia, nikaweka spika. "Usimtoe nje, Kiende! Hiyo baridi itammaliza. Disemba ni kesho tu!"

"Ni Muthamia?" Mama akauliza. "Nisalimie, kijana wangu. Siku yangu inaanza."

"Mum, hatujafika bado. Tumepanga —"

"Nisalimie."

Tone kwenye mabati. Lingine. Nilitazama juu ya paa kwanza — Kiogora hayuko, yuko shambani kwake amevua kofia! Harufu ya udongo imeingia mpaka chumbani.

Naandika nikingoja afunge kitambaa chake cha kichwa. Simu iko mezani, haijakatwa. Kwa Muthamia nasikia kama anapenga kamasi. Mama ameshika mlango. Anasema niache kuandika siku za watu, nije nimshike upande wa kushoto. Sijui kama ninafanya vizuri. Mguu mmoja ameshautoa nje. Umelowa.