Aliyeitikiwa Darasani

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba maumivu ya miguu ya Mama yamepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo usiuulize kwanza.

Najua mmesikia chuo kikitangaza kwamba mdogo wetu, Konokono wetu kama tulivyomtania, ametoroka masomo baada ya maandamano ya kudai maji bwenini. Ametoroka! Hao ndio watawala wetu: wanakuvunja mguu, kisha wanakushtaki kwa kuchechemea.

Unajua tulisoma pamoja darasa la Kihispania. Mwalimu wetu, mama mkali mwenye kucheka kwa nadra, huita majina, nasi huitikia presente, yaani nipo. Konokono, kwa uvivu wake wa kuamka, aliniachia kazi ya kumwitikia kwa sauti ya puani. Siku moja mwalimu akaninasa. Aliniuliza kama nimezaliwa na midomo miwili. Darasa likaangua kicheko. Kisha akasema, kwa upole uliotutisha, kwamba neno hilo haliazimwi kwa ajili ya aliye hai. Kwa wenye lugha ile, alieleza, likitajwa jina la aliyeuawa katika mapambano, wenzake ndio humwitikia. Tangu hapo Konokono akawa anawahi, akidai hataki kuzikwa na kaka yake kabla ya kunywa chai.

Jumatatu jina lake likaitwa. Wenzangu, wakiamini amejificha mahali, walitazamana wakitabasamu. Nikasimama, nikaitikia: presente. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliketi, akafunika uso. Darasa zima likaelewa. Nawe, Kaka, sasa umeelewa.

Nilikuwa nimetoka kumwona mochwari asubuhi ile. Risasi imemwingia mgongoni, alikuwa akikimbia. Mhudumu aliniambia kwamba hapo anahesabiwa kuwa hajulikani, na Ijumaa watamzika pamoja na wasio na ndugu. Nilipowaendea polisi, walijibu kwamba mtoro si maiti, na kwamba kama nabisha, nimlete mzazi.

Basi mlete Mama, kabla ya Ijumaa. Najua ninachokuomba. Mimi niliyepanda juu ya meza siku ya maandamano na kuhutubia umati hadi sauti ikanikauka, sentensi moja ya kumwambia Mama sina. Itafute wewe, njiani.

Wasalimie wote wa nyumbani. Nitawangoja, wewe na Mama, langoni mwa hospitali.

Mdogo wako aliyebaki.