Mkebe wa Dharura na Sanda ya Mama

Mtambile, Alhamisi, baada ya Alasiri

Mama,

Ndugu yangu Faki anakuzuru kila Ijumaa, anakusomea Yasini, akirudi ananiambia kaburi la Mama halina hata gugu. Mie mwanamke, makaburini siendi, na maneno niliyo nayo siwezi kumtwika Faki akufikishie. Ndiyo maana leo nimekaa kitako na kalamu. Mungu akutilie nuru hapo ulipolala, amin.

Nina neno, nalisema mapema kabla sijaingia woga. Wasia wako nimeuvunja, Mama. Na sanda uliyozikwa nayo si ile uliyoichukua Makka kwa mkono wako. Mwaka wa pili huu nalala nalo, naamka nalo. Naja kukuomba radhi, lakini nisikilize kwanza. Unanijua, mie siwezi kusema jambo bila kulianzia mbali.

Kesho Zuhura wangu anasafiri. Mjukuu wako kapata chuo cha ualimu Unguja, anaondoka bandari ya Mkoani na meli ya asubuhi. Nguo kajipangia mwenyewe, siku tatu nzima, utadhani bibi harusi. Mkebe wa dharura ndio nampangia mie. Nimeuweka hapa barazani mbele yangu, mkebe wa kakao wenye mfuniko wa kubana. Anacheka. Ati simu ina tochi, simu ina kila kitu. Nikamuuliza, na simu ikilowa? Akasema basi Bibi kafufuka. Nikacheka na mie, halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo.

Mpaka sasa nimetia firimbi, nimeifunga kamba ya kuvaa shingoni. Viberiti nimevichovya vichwa kwenye nta ya mshumaa, kimoja kimoja, kama ulivyonifunza, mpaka vidole vimeniungua. Wembe mpya uko ndani ya karatasi yake. Sindano nimeizungushia uzi mweupe. Kuna dawa ya chumvi na sukari ya mtu wa kuharisha, vidonge vya kutilia maji, kichupa cha mafuta ya karafuu, tende saba. Nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba zetu za simu nimezitia kwenye nailoni, nikaichoma ukingo kwa mshumaa isiingie maji. Na vile vitambaa vya mambo yetu wanawake, ulivyokuwa ukinipenyezea bila kusema kitu. Ulikuwa ukituambia kisichokaa kwapani si cha dharura, mikono ibaki mitupu ya kumshika mtoto. Huu unakaa kwapani, nimeujaribu.

Watu walikucheka, Mama. Bi Mikebe, walikwita. Hawakujua kwamba kila kilichomo ndani tulikuwa tumekikosa siku zile tatu mikokoni.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulitoka nyumbani usiku na nguo za mwilini tu, tukakimbilia mikokoni. Wewe ulibeba sufuria tupu, na mpaka leo sijui ulikusudia kupika nini. Kiberiti kililowa mara ya kwanza maji yalipojaa. Faki alichanika unyayo kwa magome ya chaza, na katika watu arobaini hakuna aliyekuwa na kitambaa safi wala sindano ya kumtoa kipande. Mie zilinijia siku zangu palepale kwenye tope, nikachana ushungi wangu nikajificha nyuma ya mti. Ukaniona, ukageuza uso ili nisione haya. Na Bi Rehema, yule jirani yetu mzee, pumu ikamchukua siku ya pili. Hapakuwa na sanda. Mkamvika kanga mbili, na moja ilikuwa imeandikwa MTASEMA MTACHOKA. Bi Rehema, ambaye maisha yake yote hakugombana hata na kuku wa watu, akaingia kaburini na maneno hayo.

Hilo ndilo lililokuuma kuliko yote. Tuliporudi ulitafuta mikebe, ukatupa kila mtu wake, na wako wewe ukawa mkubwa, ule wa biskuti, kwa sababu nusu yake uliijaza sanda. Bafta nyeupe ya Makka, iliyoroweshwa maji ya Zamzam, yenye harufu ya karafuu maiti, ile kafuri ya kutilia wafu. Nilikuuliza, Mama, mkebe huu wa kupona au wa kufa? Ukanijibu, "Mwanangu, janga halipigi hodi likakwambia limekuja kwa lipi."

Sasa nije kwa Bi Raya. Najua hutaki kulisikia jina lake, lakini leo utalisikia.

Wewe na Bi Raya mlikuwa mashoga tangu mnacheza kombolela. Mlikwenda Makka pamoja, mwaka ule karafuu zilipokubali, kabla ya vyama vingi. Bafta mlinunua jora moja, mwenye duka akalikata pande mbili, mkazichovya kwenye ndoo moja ya Zamzam. Kisha vikaja vyama, wewe huku, yeye kule, na mtaa mzima ukapasuka. Watu wakawa hawanunui duka moja, hawaswali msikiti mmoja, hawazikani. Lakini nyinyi lenu lilizidi. Wewe ulishika kwamba usiku ule wa fujo walipokuja kutuvunjia mlango, aliyewaonyesha nyumba ni Raya. Ukatuita mie na Faki, ukatuusia: "Raya asikanyage kizingiti changu, mie hai wala mie maiti. Asinikoshe, asinivishe." Tukaitikia. Nani angekukatalia?

Mwaka wa mwisho wako, msimu wa karafuu, ulikwenda Wete kwenye hitima ya binamu yako. Mkebe wako ukaniachia. Ulisema nyumba haikai bila mkebe, na wangu mie huna imani nao. Lo, Mama, ulikuwa umesema kweli. Kitambaa safi cha kwenye mkebe wangu nilikuwa nimekitoa tangu Ramadhani, nachujia tui. Kila nikikifua nasema leo nitakirudisha. Sikukirudisha.

Siku ya pili, mchana, nasikia ukelele nyuma ya nyumba, upande wa mikarafuu ya Bi Raya. Mvua ilikuwa imepita, ngazi ikateleza, naye na utu uzima wake yuko juu anachuma. Kaangukia kisiki kilichokatwa panga mshazari. Paja limefunguka, Mama, na damu inatoka kwa kuruka. Nilikuwa peke yangu. Nikavua kanga ya kiunoni, ina matope na imeshalowa mvua, nikagandamiza. Ikajaa damu pale pale. Nikarudi mbio kwenye mkebe wangu. Firimbi ipo, wembe upo, kitambaa hakipo. Nikasimama katikati ya chumba, na mkebe wako uko juu ya kabati.

Nitakwambia ukweli. Nilisita. Si sana, labda kwa muda wa kusoma Kulhuwallahu moja. Nilikuona wewe, nikaona usiku ule mlango unavunjwa. Nikawaza, na kama kweli ni yeye? Kisha nikamsikia analia huko nje, anaita mama yake, mtu mzima wa miaka sitini. Nikaushusha mkebe.

Sanda yako nimeichana kwa wembe, nikatoa mapande matatu. Moja nikalikunja nikalishindilia kwenye jeraha, nikakaza kwa la pili na la tatu, nikaukalia mguu kwa uzito wangu wote, nikapiga firimbi mara tatu, nikatulia, mara tatu tena, kama ulivyotufunza. Wakaja watu wa huku na wa kule. Hakuna aliyeuliza mtu chama chake. Wakambeba kwa ngazi ile ile iliyomwangusha mpaka barabarani, gari ya karafuu ikampeleka Mkoani. Hospitali wakasema aliyemfunga ndiye aliyemwokoa. Bafta iliyobaki ilikuwa imeanguka kwenye tope na damu, haifai tena kumvika mtu.

Kabla ya hapo, njiani kwenda hospitali, alinishika mkono. Ile harufu ya karafuu maiti ilikuwa imemfika puani. Akaniuliza, "Riziki, sanda ya nani hii?" Nikamwambia ya Mama. Akafumba macho, machozi yakamtoka.

Hapo sijafanya kosa, Mama. Kosa nililifanya kesho yake. Nilikwenda dukani, nikanunua bafta, nikaifua, nikaifukiza udi, nikatia karafuu maiti kati ya mikunjo, nikaikunja vile vile unavyokunja wewe, nikairudisha kwenye mkebe. Ukarudi kutoka Wete. Habari za Bi Raya ulizisikia, ukasema "Mungu amponye" ukiwa umegeukia ukutani. Nami nikanyamaza. Kila mwezi ukiandama ulikuwa ukiufungua mkebe wako, unakagua viberiti, unabadilisha tende, mwisho unaweka kiganja juu ya ile bafta na kusema bismillahi, uso umekutulia, unajua uko tayari. Ulikuwa unaweka mkono juu ya bafta ya dukani. Miezi saba nilikutazama. Nilijiambia nitakwambia kesho, kisha kesho nikawa na nguo za kufua.

Presha ikakuchukua Jumanne asubuhi, chai haijapoa.

Wakwe na mashangazi walishajaa chumbani, maji yameshachemka, na mie nimekaa na mkebe mapajani, siwezi kuufungua. Nikasikia nje gongo linagonga baraza. Kuinua uso, Bi Raya yuko kizingitini na gongo lake. Miaka kumi na mitano hajafika hapo. Hakuvuka. Akatoa bahasha ya nailoni ndani ya buibui lake, akasema, "Nimeleta ya mwenyewe." Ilikuwa sanda yake, lile pande lake la jora lenu. Watu wote wakanigeukia mie, maana wasia wako ulikuwa unajulikana mpaka kisimani.

Nikasema, "Bi Raya, karibu ndani."

Alikukosha yeye, Mama, na kukuvisha ile sanda yake. Alikaa kwenye kibao, mguu mbovu kaunyoosha, akaanza upande wa kulia kwa adabu zote, akakusuka nywele mikia mitatu na hakuacha mtu mwingine akuguse kichwa. Alikuwa akikuita shoga. Aliapa mbele yako kwamba hakumwonyesha mtu nyumba yetu. Mie sijui, na sikuwepo alipokuwa. Ajuaye ni Mungu, na sasa labda na wewe.

Nilikwenda kwa Shehe wa msikiti wetu, nikamweleza yote. Akanambia wasia wa kukata udugu hautekelezwi. Nilishukuru, lakini neno la Shehe limetuliza akili tu. Radhi ni ya mama.

Mambo yamebadilika, ungekuwepo usingeamini. Wale wakubwa waliotugombanisha wameshikana mikono, wamo serikali moja, wanacheka kwenye televisheni. Siku ya kwanza kuwaona nilikasirika mpaka nikaizima. Bi Rehema yuko na kanga yake chini ya udongo, na wao wanacheka! Faki akanambia bora wacheke. Basi, bora wacheke. Bi Raya siku hizi anakuja hapa jioni, tunachambua mchele. Hizi tende saba za mkebe wa Zuhura kazileta yeye, na kanisuta kwamba nta ya viberiti vyangu ni nyepesi, nikavichovya upya. Bandeji nimetia mbili, na kitambaa cha bafta, na nimemwapisha Zuhura kwamba hata tui likimlilia hakitoi. Sanda sikumtilia. Nimewaza sana, nimekataa. Wake uwe wa kupona tu.

Nimeandika mpaka hapa, na sasa naona vizuri ninachokuomba. Nilianza kwa kusema nakuomba radhi ya sanda na ya wasia. Sivyo, Mama. Sanda yako ningeichana tena leo hii. Bi Raya ningemkaribisha tena. Kwa hayo mawili, kama una hasira, kasirika, nitaivumilia, mie ni mwanao na ukaidi nimeurithi kwako. Radhi ninayoitaka ni ya ile miezi saba. Nilikuacha uweke mkono wako juu ya uongo wangu na useme bismillahi. Hilo nilikukosea, linaniuma, nisamehe.

Na ahadi nakupa. Bi Raya hana mtoto wa kike. Siku yake ikifika nitamkosha mie, nitamvisha mie, kwa upole ule ule. Nishamnunulia bafta, iko kabatini, na safari hii mwenyewe anajua imetoka wapi.

Lala salama, Mama yangu. Akija huko, mfungulie mlango. Atakuja na sanda ya dukani. Ile yake ya Makka unayo wewe.

Mwanao,
Riziki