Filimbi Katika Kanda ya Chiriku

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa studio, mlango nimeufunga kwa ndani. Vipi miguu? Dada ameniambia uvimbe umepungua na kwamba siku hizi unakula bila kubembelezwa. Anasema pia kuwa majirani wa hapo wamezoea kukugusa bega kabla ya kusema nawe, nawe umeacha kuwakaripia. Hapo nilicheka, maana sisi wanao hatukubahatika kuipata subira hiyo. Huku mkwe wako hajambo, wajukuu wako hawajambo. Nami nasema sijambo, ingawa ukisoma hadi chini utaona nimelisema kwa mdomo tu.

Habari kubwa ni kwamba mashine yako ya kanda imefanya kazi tena. Unamkumbuka Chiriku, yule mwimbaji uliyemrekodi nilipokuwa bado nasoma, aliyekuwa akivua viatu kabla ya kuimba? Alikuja na mwanawe wa kiume. Amezeeka, Baba, lakini viatu alivua. Alisema ana nyimbo tatu ambazo hajawahi kumwimbia mtu, na hataki ziingie kwenye kompyuta moja kwa moja. Zipite kwanza kwenye kanda, kama enzi zenu. Mwanawe alinitazama kwa aibu, kana kwamba mama yake amedai nyota za mbinguni. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mwenzangu wa kazi, yule bwana mwenye ndevu tunayemwita Kipanya kwa kuwa mkono wake haubanduki kwenye kipanya cha kompyuta, aliona huo ni wazimu. Alisema ni kama kufua nguo mtoni kisha kuipeleka kwa dobi. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, kwamba kanda humeza makali, sauti ikatoka nene na yenye joto. Tukishaimimina kwenye kompyuta, hapo ndipo tutakapokata na kuunga na kupandisha na kushusha, na kanda yenyewe itabaki salama. Akasema haya, wewe ndiye mtoto wa mwenye mashine.

Nilisafisha vile vichwa vinavyogusana na kanda kwa pamba na spiriti. Mpira wa kuzungushia kanda uliokuwa umekauka nikaubadilisha. Kanda ilipoanza kuzunguka nilitamani ungekuwepo, hata kwa kutazama tu.

Siku ya kurekodi Kipanya alikuwa nyumbani anaugulia jino, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na Chiriku na mpiga gitaa wake. Nyimbo mbili aliziimba amekaa. Wa tatu, wa mtoto wake aliyemzika kabla hajampa jina, aliuimba amesimama, ameshika ukuta. Nilimwomba arudie ubeti wa pili, kwa kuwa gitaa liliteleza kidogo. Akakataa.

“Huo umeshatoka,” aliniambia. “Ukinirudisha humo ndani, sitatoka.”

Hakutaka hata kujisikiliza. Alivaa viatu, wakaondoka. Mimi nikairudisha kanda mwanzo, nikaisikiliza yote, nikaona ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Wiki hiyohiyo Chiriku akapata kiharusi. Mdomo umekwenda upande. Hasemi neno, sembuse kuimba.

Mwanawe alikuja kusikiliza siku Kipanya alipoimimina kanda kwenye kompyuta. Kipanya aliwasha spika, akaniuliza mbona nimeiacha filimbi ile. Nikamuuliza filimbi gani. Alidhani namtania. Nikamgeukia yule mwana wa Chiriku, nikamwona amekunja uso kama mtu aliyechomwa mwiba, nikajua naye anaisikia. Kipanya akanionyesha kwenye kioo: mstari mwembamba juu ya sauti zote, umenyooka kama uzi, tangu mwanzo wa wimbo wa kwanza hadi mwisho wa wa tatu. Niliukazia macho. Masikioni mwangu hapakuwa na kitu ila Chiriku.

Kipanya alijitahidi kuiondoa. Aliiondoa kweli, lakini ilitoka na pumzi za Chiriku, na ule mkwaruzo wa mwisho wa maneno, mwimbaji akabaki kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Mwanawe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Huyu si mama. Nirudishieni yenye filimbi.”

Nikamwambia mashine imezeeka. Niliisingizia mashine yako, Baba. Ni kweli filimbi ilitoka kwake, waya mmoja wa umeme ulikuwa umelegea. Lakini mtu yeyote mwenye masikio angeisikia kabla ya ubeti wa kwanza kuisha, akasimamisha kazi, akaukaza waya, na Chiriku angerekodiwa vizuri akiwa bado mzima.

Nilienda kwa daktari wa masikio bila kumwambia mtu. Aliniketisha katika chumba kidogo, akanivika visikilizio, akanipa kitufe nikibonyeze kila nikisikia mlio. Milio minene ya mwanzo niliisikia, kisha nikakaa tu. Mwishowe niligonga dirisha kumwambia mashine yake imezimika. Akatikisa kichwa. Ilikuwa imewashwa muda wote.

Ugonjwa wako umenifuata, Baba. Sauti nyembamba zimeshaniondoka, nene zitafuata polepole, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Miaka hii yote nimekuwa nikifanya kazi kwa macho, nikiitazama sauti kwenye kioo cha kompyuta, nikidhani naisikia. Kanda haina kioo, ndiyo maana imeniumbua. Daktari aliuliza kama kwetu yupo mwenye hali hii. Nikamjibu kwamba ni baba yangu, na hapo nikaanza kuhesabu upya mambo mengi.

Siku niliyoileta kompyuta hapa ulisema kitu hicho hakina roho, ukatundika funguo za studio msumarini, hukurudi tena. Tulikuita mkaidi. Mimi nilitangaza kwa watu kwamba umeshindwa na mambo mapya. Juzi nimeziingiza kanda zako za mwisho kwenye kompyuta nikazikagua kwa macho. Zile sauti nyembamba umezipandisha kupita kiasi, kama mpishi ambaye ulimi wake hauonji chumvi tena. Hukuikimbia kompyuta. Ulikuwa umechoka kujifanya unasikia, nasi hatukukuuliza hata mara moja. Nisamehe.

Jana nilikwenda kwa mwana wa Chiriku nikamweleza ukweli. Alikuwa anamlisha mama yake uji kwa kijiko. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini sikumwita mtu mwingine asikilize siku ile. Akaniomba nivute mlango nikitoka, mama anahisi baridi.

Mume wangu hajui. Kipanya nadhani anajua, maana siku hizi huja kusimama mbele yangu ndipo aseme. Daktari ameagiza watoto wapimwe. Mkubwa amepimwa, ni mzima. Mdogo bado. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Nimekuwa nikimchapa kwa hilo, nikisema ni kiburi. Kesho nampeleka.

Katika ukoo huu ni wewe tu unayeweza kunijibu. Ilipoanza, kabla sisi hatujajua, ulitamani tukuambie nini? Niandikie, hata mistari miwili, nipate la kumwambia.

Msalimie dada, umwambie dawa ya miguu nitaituma. Mwenyezi Mungu akupe usingizi mwema.

Ni mimi mwanao, kitindamimba wako.